Maswali na majibu: Rangi inavimba ukutani kila masika yakiisha

SWALI: Assalamu aleikum fundi. Nakaa Lamu, mtaa wa Mkomani, katika nyumba ya mawe aliyotuachia marehemu babu. Chumba cha chini tumekipaka rangi ya maji mara mbili ndani ya miaka mitatu, na kila masika yakiisha rangi huvimba malengelenge, ikapasuka, ikamwaga unga mweupe sakafuni. Mwaka juzi fundi alitupigia plasta ya simiti kutoka chini hadi kimo cha mita moja. Sasa pale chini pametulia lakini juu yake ndiko kunakovimba. Dukani nimeambiwa ninunue rangi ya kuzuia maji. Pia kuna chumba cha juu, kikavu, mita 6 kwa 2.5, kimo mita 3, nacho nataka kukipaka mwenyewe. Ninunue makopo mangapi, na nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Hiyo rangi ya kuzuia maji usiinunue. Nitakueleza sababu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ukishaielewa hutatupa tena pesa ukutani.

Nyumba yenu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, kuta nene takriban nusu mita. Mawe hayo yana vitundu, na chokaa pia ina vitundu. Ukuta wa namna hii hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kwa uso wake, mchana kutwa, mwaka mzima. Waliojenga walilijua hilo, ndiyo maana walimaliza kwa plasta ya chokaa na kupaka chokaa juu yake: maji yanapita, yanakauka, na ukuta unabaki salama. Maji yale hubeba chumvi iliyomo ardhini na ndani ya matumbawe yenyewe. Yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki. Huo ndio unga wako mweupe. Ukitaka kuhakikisha si kuvu, chukua kidogo ukitie katika kikombe cha maji: chumvi itayeyuka, kuvu haitayeyuka.

Sasa ukipaka rangi ya plastiki juu yake, yaani hiyo rangi ya maji mliyopaka, hasa ile ya silki inayong'aa, umeufunga ukuta mdomo. Maji yanasukuma kutoka nyuma, chumvi inaganda nyuma ya rangi na kuongezeka, rangi inainuka. Bonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba usikilize: linavunjika kama ganda la yai, na nyuma yake plasta imekuwa laini kama unga wa sembe. Rangi yenyewe haikuoza hapo. Kilichooza ni plasta.

Na simiti ya mwaka juzi ndiyo iliyopandisha maradhi. Simiti ni ngumu na inabana. Maji yaliyokuwa yakitokea kimo cha goti yalikosa njia, yakapanda hadi juu ya mita moja kutafuta pa kutokea. Ukipaka hiyo rangi ya dukani, yatapanda tena. Nami nimewahi kulifanya kosa hilo. Miaka mingi nyuma, katika kijiji cha Shela, Lamu, nilimfungia mwenye nyumba ukuta wa chini kwa rangi ya mafuta mikono mitatu, yaani mara tatu, ukang'aa, akafurahi sana. Masika moja tu yalipopita, rangi ilishuka kwa vipande vikubwa pamoja na plasta yake, na nililazimika kurudi kuikwangua yote kwa gharama yangu.

Kwa hiyo chumba cha chini kazi yake ni hii. Kwanza tafuta maji yanakotoka. Toka nje ukaangalie kichochoro: je, kimeinuka kuliko sakafu yenu? Mtaro umeziba? Bomba la paani linamwaga mguuni mwa ukuta? Choo au birika la kuwekea maji ya kuoga liko upande wa pili? Mara nyingi nusu ya maradhi huishia hapo, kwa koleo na mikono yako. Pili, mwite fundi anayejua chokaa aitoe simiti yote, na pale juu atoe plasta iliyolegea mpaka afike penye uzima. Hatua hii usiifanye mwenyewe. Ukigonga vibaya mawe hutoka. Gonga ukuta kwa vifundo vya vidole kabla hajaja, na kila panapolia kama debe tupu pawekee alama ya makaa. Arudishie plasta ya chokaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na huo mchanga usiwe wa ufuoni, maana utakuwa umerudisha chumvi kwa mkono wako mwenyewe.

Chumvi iliyobaki ukutani ifagie kwa brashi kavu, uizoe na kuitupa nje. Usiioshe kwa maji. Itayeyuka na kurudi ndani, kisha itoke tena wiki ijayo.

Baada ya hapo paka chokaa, na hii unaiweza mwenyewe kabisa. Nunua mfuko wa chokaa ambao haujakaa dukani muda mrefu, kwa kuwa chokaa ikivuta hewa hufa, haishiki tena. Iloweke kwenye ndoo ya plastiki siku moja au zaidi, uichuje kwa kitambaa cha kanga kuukuu, kisha uizimue kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Wengi hukosea hapa kwa kuifanya nzito kama uji. Ikikauka inapasuka na kubanduka. Nyunyizia ukuta maji kidogo, usirowe, kisha paka kwa brashi pana ya inchi 4 au 6, ukiisugua huku na huku. Ikiwa mbichi utaona kama hujapaka kitu, plasta inaonekana nyuma yake. Usiongeze. Ondoka. Kadiri inavyokauka ndivyo inavyokuwa nyeupe, kwa sababu chokaa inavuta hewa ya ukaa na kugeuka kuwa jiwe tena. Kesho paka mkono wa pili, keshokutwa wa tatu. Mitatu ndiyo ya chini, mitano ndiyo mizuri. Ukitaka rangi, tumia oksidi ya udongo, njano au nyekundu, ichanganywe na maji kwanza. Wako wanaotia chumvi kwenye chokaa ili ishike. Kwa ukuta wako, uliokwisha kushiba chumvi, hapana.

Tafadhali vaa miwani na glavu. Chokaa huunguza ngozi, na jichoni ni hatari kubwa; ikiruka, osha kwa maji mengi safi mara moja na uende hospitali. Watoto wasiwepo chumbani.

Nije chumba cha juu. Hiki ni kikavu, lakini kihakikishe: bandika kipande cha nailoni ukutani, kimo cha kifua, ukizibe kingo zote nne kwa selotepu, ukiache siku mbili. Kikiwa na matone upande wa ukutani, ukuta una maji, rudi kwenye chokaa. Kikiwa kikavu, pitisha kiganja ukutani. Kiganja kikitoka cheupe kuna chokaa ya zamani inayochujuka, na rangi ya maji haitaishika. Ama uikwangue yote, ama uendelee na chokaa. Mimi ningeendelea na chokaa, ila chumba ni chako. Kikitoka safi, rangi ya maji ya kawaida isiyong'aa inafaa.

Hesabu ya makopo: mzunguko wa chumba ni mita 17, mara kimo mita 3, ni mita za mraba 51. Toa kama 4 za mlango na madirisha, zabaki 47. Mikono miwili ni 94. Plasta ya zamani inakunywa, basi hesabu lita moja kwa mita za mraba 8. Inakuja karibu lita 12, yaani makopo matatu ya lita 4. Nunua yote pamoja, uyachanganye kwenye ndoo moja kubwa, usije ukaona rangi mbili katika ukuta mmoja.

Maandalizi ndiyo kazi. Kupaka ni mwisho wake. Kwangua kilicholegea, ziba nyufa, piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Kama kuna rangi ya mafuta ya zamani, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu: ipige msasa ikiwa imeloweshwa, uzoe uchafu, usiufagie ukiwa mkavu. Penye kuvu osha kwa jiki kipimo kimoja na maji vinne, acha robo saa, suuza, kausha. Jiki usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia.

Mkono wa kwanza uzimue kwa maji kiasi anachosema mtengenezaji kwenye kopo, ukuta uunywe. Anza na kona na kingo kwa brashi ya inchi 2, ukifuata mara moja na rola kabla kingo hazijakauka, kutoka juu kuja chini, ukuta mmoja ukamilike ndipo upumzike. Wakati wa kaskazi upepo hukausha rangi kabla hujarudi na rola, utaona mistari. Funga madirisha ya upande wa upepo unapopaka, yafungue ukimaliza. Januari hadi Machi ndiyo miezi ya kazi hii. Mwezi wa Mei acha.

Jambo moja naliomba kwa moyo. Kama ndani mna zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zenye nakshi, msizizibe kwa rangi nzito wala filla. Nimeona zidaka ambazo maua yake yamezama chini ya mikono kumi ya rangi mpaka hujui yalikuwa maua. Zipakeni chokaa nyepesi kwa brashi ndogo, na ikirundikana ndani ya nakshi, itoe hapo hapo kwa ncha ya kijiti kabla haijashika.

Makabati ya chumba cha chini ukiyarudisha, yaache upana wa kiganja kutoka ukutani, na kanga au nailoni isitundikwe juu ya plasta mpya mpaka masika yajayo yapite.