Kabla hujaandika "tatu": niliyojifunza katika kupima mifuko ya fizi

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na haraka. Nilimaliza kinywa kizima kwa dakika chache, namtajia msaidizi kina cha kila mfuko, yaani ile nafasi kati ya ufizi na jino, kwa milimita, naye anaandika: tatu, mbili, tatu, tatu, mbili, tatu. Chati zangu zilikuwa safi, hazina hata alama moja ya hatari. Kisha akarudi mama mmoja wa makamo niliyekuwa nimempima miezi michache nyuma. Gego lake la juu lilikuwa linacheza.

Siku hiyo nilikuwa na daktari aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi. Alichukua probu, kile kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akaiweka pembeni mwa gego, kisha akailaza kidogo ili ncha yake ipite chini ya pale meno mawili yanapogusana. Ikazama. "Saba," akasema, akanikabidhi. "Haya, pima na wewe." Nikapima kwa mkono wangu wa siku zote, probu imesimama wima kwenye kona ya jino. Tatu. "Sasa ilaze kidogo, uifuate taratibu." Nikailaza. Ilikwenda, ikaendelea kwenda, hadi alama ya 7 ikalingana na ukingo wa ufizi.

Yule mama alikuwa ananitazama usoni muda wote, na sijayasahau macho yale. Mfupa wake ulikuwa umeanza kuondoka zamani, na chati niliyoijaza mwenyewe ilikuwa inasema yuko salama.

Nawaandikia haya hasa ninyi mnaoanza kazi ya meno, ingawa hata mgonjwa anayesikia namba zikitajwa juu ya kichwa chake ana haki ya kujua zinatoka wapi. Ugonjwa wa fizi hauumi mpaka umefika mbali. Kwa muda mrefu kinachoweza kuuona ni mkono wako tu, kwa hiyo mkono ukikosea hakuna wa kumtetea mgonjwa.

Jambo la kwanza ambalo ningependa mtu angeniambia mapema: namba unayoisoma kwenye probu si kina halisi cha mfuko. Ni mahali ambapo ncha imekwama, kwa nguvu uliyotumia wewe, kwenye ufizi wa hali ile, siku ile. Mwaka 1961 Gargiulo na wenzake walichapisha vipimo vya fizi za watu waliokwisha kufariki, walivyovichukua kwa hadubini, na wastani wa kina cha kile kifereji kati ya jino na ufizi ulikuwa milimita 0.69. Haifiki hata 1. Lakini sisi tukipima ufizi wenye afya tunapata 2, wakati mwingine 3. Hiyo ziada inatoka wapi? Chini ya kifereji kuna tabaka jembamba la seli zilizojishika kwenye jino, na ncha ya probu huingia ndani ya tabaka hilo kabla haijasimama. Chini yake kuna nyuzi ngumu zinazouunga ufizi na mzizi, na kwenye ufizi wenye afya nyuzi hizo ndizo zinazoizuia.

Sasa chukua ufizi uliovimba. Uvimbe umekula nyuzi zile, tishu imelegea kama kitambaa kilicholowa, na ncha inalipenya tabaka lote la seli na kwenda chini zaidi. Unasoma 6, wakati kitako cha mfuko kiko juu kidogo ya hapo. Mtibu mgonjwa yuleyule, uvimbe uishe, nyuzi zikaze, upime kwa nguvu ileile: unapata 4. Sehemu ya milimita zile 2 ni ukingo wa ufizi uliosinyaa, sehemu nyingine ni tishu iliyopata nguvu ya kuizuia probu. Kuna madaktari wanaomwambia mgonjwa kwamba ufizi umeota na kushikana tena na jino kwa milimita 2. Naomba msiseme hivyo. Aliyopata ni nafuu ya kweli na inatosha kufurahiwa kwa jina lake.

Nguvu, basi. Vitabu vinataja niutoni 0.25, yaani uzito wa gramu 25 hivi. Nilikuwa naijua hiyo namba tangu chuoni na niliamini naifuata. Siku moja nikaweka mizani ndogo ya kidijitali mezani, nikashika probu kama ninavyoishika kazini, nikaigandamiza. Mizani ikasoma 70. Nikarudia: 62. Nikarudia tena nikijitahidi kuwa mpole: 48. Wagonjwa waliokuwa wanashikilia mikono ya kiti changu kwa vidole vilivyokaza hawakuwa waoga. Nilikuwa nawaumiza, na juu ya kuwaumiza nilikuwa natengeneza namba kubwa na damu ambayo ufizi haukuwa umepanga kuitoa.

Fanya jaribio hilo leo hii kama una mizani. Gandamiza hadi isome 20 au 25, funga macho, achia, rudia, fumbua uone uko wapi. Mimi nilifanya hivyo kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, wiki tatu mfululizo, na mpaka sasa kila baada ya muda narudi kwenye mizani maana mkono husahau. Kama huna mizani, bonyeza ncha kwenye nyama ya kidole gumba: ngozi ibonyee milimita 1 hadi 2 bila kuuma. Ukishika probu kwa vidole vyepesi kama kalamu, na kidole cha pete kikiwa kimeegemea jino la jirani, nguvu inajipunguza yenyewe. Anayeishika kama mpini wa nyundo hawezi kuhisi kitu.

Angalia pia chombo chenyewe. Probu ya Williams ina alama za 1, 2, 3, 5, 7, 8, 9 na 10. Ya 4 na ya 6 hazipo, zimeachwa makusudi ili macho yasichanganyikiwe, lakini nimemwona mwanafunzi akihesabu mistari mmoja mmoja na kuiita 5 "nne". Probu iitwayo UNC-15 ina alama kwa kila milimita mpaka 15. Ile ya Shirika la Afya Duniani ina kitufe cha nusu milimita kwenye ncha na mkanda mweusi unaoanza 3.5 na kuishia 5.5. Hiyo ni ya kuchuja haraka nani anahitaji uchunguzi kamili, haitoshi kwa chati kamili. Unene wa ncha nao una neno lake, kwa sababu nguvu ileile ikipita kwenye ncha nyembamba zaidi inapenya zaidi. Kwa hiyo mgonjwa uliyempima kwa probu ya aina moja, mpime tena kwa aina hiyohiyo, la sivyo mabadiliko utakayoyaona yatakuwa ya chombo.

Tuje kwenye mwendo. Tunaandika namba 6 kwa kila jino, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi au kaakaa, na mwenye meno 28 ana namba 168. Hapo ndipo haraka inapozaliwa. Wengi wanachoma mara sita na kusonga mbele. Namba sita hazina maana ya kuchoma mara sita. Kila namba ni kina kikubwa kuliko vyote katika eneo lake, na huwezi kukijua bila kulitembea eneo lote. Ingiza probu, ilale sambamba na mzizi, ishuke mpaka uhisi kitako, ipandishe milimita 1 au 2 bila kuitoa nje, sogea kidogo, shuka tena. Hatua ndogo ndogo, jino zima. Ukifika kati ya meno mawili, usiishie kwenye kona. Ilaze kidogo tu, ncha ifike katikati ya kile kibonde kilichopo chini ya mahali meno yanapogusana, kwa sababu mfupa mara nyingi huanza kuliwa hapo. Ukiilaza kupita kiasi nako utapata namba kubwa isiyo ya kweli. Kule nyuma kabisa ya gego la mwisho, mwambie mgonjwa afumbe mdomo nusu. Tuna mazoea ya kusema "panua, panua zaidi," kumbe mdomo ukipanuka sana shavu linakaza na mkono haupiti.

Ugaga, ule uchafu ulioganda kwenye jino ukawa mgumu kama jiwe, ndio mwongo mkubwa katika kazi hii. Probu inashuka, inagonga kitu, unaandika 3. Simama hapo usikilize kwa vidole. Kitako cha mfuko ni laini, kinarudisha kidogo kama ngoma ya mpira. Ugaga ni mgumu, una mikwaruzo, unasimamisha ghafla. Ukihisi ukali huo, itenge ncha kidogo na jino, ipite kando ya ule uvimbe wa jiwe, kisha irudi kwenye mzizi na kuendelea kushuka. Mara nyingi 3 inageuka 6. Pale isipopita kabisa, andika kwamba kuna ugaga unaozuia na upime upya baada ya kukwangua. Mwambie mgonjwa mapema kwamba namba inaweza kupanda baada ya kusafishwa, asije akadhani umemharibu.

Kitu ambacho hata wazoefu hukiruka ni kupima ufizi uliorudi nyuma. Mfuko wa 3 unaonekana salama. Lakini kama ukingo wa ufizi umeshuka milimita 4 kutoka mpaka wa taji na mzizi, jino hilo limepoteza milimita 7 za mshikamano. Na kinyume chake: ufizi uliovimba ukapanda milimita 2 juu ya mpaka huo, mfuko wa 5 maana yake ni upotevu wa 3 tu. Usipoandika namba zote mbili unawaweka wagonjwa hawa wawili mahali pasipo pao, na mmoja ataenda nyumbani na matumaini yasiyo yake.

Damu nayo usiitazame papo hapo na kupita. Inaweza kuchelewa hadi nusu dakika, kwa hiyo maliza eneo, kisha rudi uangalie. Tangu utafiti wa Lang na wenzake wa mwaka 1990 tunajua kwamba kutotoka damu ni ishara yenye nguvu kuliko kutoka damu: mahali pasipovuja ziara baada ya ziara kuna uwezekano mkubwa sana pakabaki imara, ilhali mahali panapovuja mara moja si lazima paharibike. Mvutaji sigara ni habari nyingine. Fizi zake huvuja kidogo hata zikiwa na ugonjwa, kwa hiyo ukavu wake usikutulize.

Nimegusia juu juu tu mambo mengine yanayostahili makala yake. Njia panda za mizizi ya magego, pale mizizi inapoachana, zinahitaji probu iliyopinda ya Nabers, ile iliyonyooka haifiki. Na ukikuta mfuko mwembamba, wenye kina kirefu mahali pamoja tu huku pande zote za jino zikiwa na 2 na 3, shuku ufa kwenye mzizi kabla ya kushuku fizi.

Usahihi wenyewe una mipaka, na ni uungwana kuikubali. Mpimaji mzuri, jino lilelile, siku ileile, anaweza kutofautiana na nafsi yake kwa milimita 1. Ndiyo maana sikimbilii kusema ugonjwa umeongezeka kwa sababu 4 imekuwa 5. Ikiwa 6, naamka. Kujipima mwenyewe ni rahisi: chagua meno kumi ya mgonjwa anayekubali, pima, msaidizi aandike bila kukuonyesha, endelea na kazi nyingine, kisha pima meno yaleyale upya. Linganisha. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo tofauti zangu nyingi zilikuwa kwenye magego ya juu upande wa kaakaa, mahali ambapo nilikuwa nakisia bila kioo.

Yule mama tulimkwangua kwa ganzi, upande mmoja kwa siku, tukamfundisha vijiburashi vya kati ya meno, na nikampima mwenyewe baada ya miezi 3. Sikuwa na haraka. Alikuwa ameshajifunza kusikiliza namba. Tulipomaliza upande wa gego lile akainua mkono nisimame, nikatoa kioo mdomoni.

"Daktari, leo sijasikia saba."

"Ni nne, mama. Na haijatoa damu."

"Kwa hiyo mfupa umerudi?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba ufizi umesinyaa kidogo na umekaza, kwamba mfupa uliopotea kwa sehemu kubwa hautarudi, ila uliobaki sasa una nafasi ya kukaa. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza tarehe ya kurudi, nikamwandikia miezi mitatu mingine, na kwenye chati pembeni mwa 4 nikaandika jina la probu niliyotumia.