Boila mbili za kondensi na moja kuukuu: kontrola ipangwe vipi?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi wa matengenezo wa jengo la makazi hapa Minneapolis, Marekani. Tuna boila tatu za gesi, yaani mitambo ya kupasha maji moto, kwenye mfumo mmoja wa radieta za kupasha vyumba joto: mbili mpya za kondensi (zinazovuna pia joto la mvuke ulio kwenye moshi), kila moja BTU 500,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), na moja kuukuu ya chuma cha kusubu, BTU 1,000,000, yenye moto wa hatua mbili. Kontrola, yaani kifaa kinachoziendesha, inazipokezesha uongozi kila wiki: kila wiki boila nyingine ndiyo inayowaka kwanza. Vuli iliyopita tuliweka maji yatoke nyuzi 50 za Selsiasi. Ile kuukuu ikaanza kutoa jasho kwa chini na bomba lake la moshi likaanza kuoza. Tukapandisha hadi 75. Jasho limekoma, lakini bili ya gesi haishuki na mrija wa kutolea maji kwenye boila mpya ni mkavu kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujagusa kontrola, mwite fundi mwenye leseni akague bomba la moshi la boila kuukuu. Bomba lililotoboka linaweza kumwaga monoksaidi ya kaboni ndani ya jengo lenye watu waliolala, na gesi hiyo haina harufu. Boila hiyo ibaki imezimwa mpaka bomba litengenezwe. Kagua pia kama mtu aliunganisha moshi wa boila mpya kwenye dohani ya zamani. Boila za kondensi husukuma moshi wake kwa feni, kwa hiyo zinahitaji bomba la peke yake, la aina iliyoidhinishwa na mtengenezaji.

Sasa tuje kwenye swali lako. Gesi asilia ikiungua hutoa mvuke mwingi wa maji. Moshi ukipoa chini ya takriban nyuzi 55 za Selsiasi, mvuke huo hugeuka maji na kuachia joto ambalo lingepotelea angani, karibu asilimia 10 ya nishati ya gesi. Boila ya kondensi imeundwa kwa metali inayostahimili maji hayo ya tindikali. Chuma cha kusubu hakistahimili, kinaliwa. Kinachoamua mambo hapa ni joto la maji yanayorudi kutoka kwenye radieta, kuliko yale yanayotoka. Yakirudi na nyuzi 30, boila mpya inaweza kufikia ufanisi wa kama asilimia 95. Yakirudi na 60 au zaidi, inashuka hadi karibu 87, na hapo mmenunua mashine ya bei kubwa inayofanya kazi ya boila ya kawaida. Ndiyo maana kila joto mlilojaribu liliumiza upande mmoja. Kosa ni kuzipa boila zote tatu kanuni moja.

Futa hiyo zamu ya kila wiki. Boila mbili za kondensi zipokezane zenyewe kwa zenyewe, na ile kuukuu iwe ya mwisho daima, hata kama saa zake za kazi zitakuwa chache mno ukilinganisha na wenzake.

Kisha acha kushikilia joto moja la maji majira yote. Kontrola ifuate baridi ya nje. Mfano wa kuanzia: nje kukiwa nyuzi 15, maji yatoke na 40, nje kukiwa −25, yatoke na 80. Mstari huo ni rahisi kuukagua, maana kila nyuzi moja inayopungua nje inaongeza moja kwenye maji. Nje kukiwa 0, maji yanatoka na 55, na kama pampu zenu zina mwendo mmoja yatarudi na takriban 50, yaani boila mpya bado zinageuza mvuke kuwa maji na kuyatonesha. Nje ikifika kama −13, maji yanatoka na 68 na kurudi karibu 60. Hapo boila za kondensi hazina tena cha ziada cha kuvuna, na ile ya chuma haina tena cha kuogopa. Kwa hiyo izuie isiwake nje kukiwa na joto zaidi ya −10 hivi, isipokuwa moja ya zile mpya ikiharibika. Radieta za majengo ya zamani mara nyingi ni kubwa kuliko mahitaji, kwa hiyo baada ya wiki chache teremsha mstari kidogo kidogo mpaka wapangaji wa vyumba vya pembeni waanze kulalamika, halafu rudi hatua moja.

Boila za kondensi ziwake zote mbili mapema. Watu wengi huiacha ya kwanza ifike asilimia 100 ya nguvu yake ndipo wawashe ya pili, kama walivyozoea kwa boila za zamani. Moto mdogo kwenye eneo kubwa la kupokea joto hutonesha zaidi, kwa hiyo ya kwanza ikifika asilimia 50, ya pili iingie na zigawane mzigo, yaani joto linalohitajika, sawasawa.

Palipo pagumu ni pale boila kubwa inapoingia. Chukulia mzigo umefika BTU 1,000,000 na zile mbili ziko asilimia 100. Ile kuukuu ikiwaka kwa moto wake wote, mzigo wote ni wake. Zile mbili zinazimika, maji yanapita kipimo, nayo inazimika, kisha mchezo unaanza upya. Kwa hiyo iingie kwa hatua ya kwanza tu, kama BTU 500,000, baada ya zile mbili kukaa juu kwa dakika 15 bila kufikia joto linalotakiwa. Zenyewe zitashuka hadi asilimia 50. Usiiruhusu hatua ya pili mpaka zipande tena karibu na 100. Na kuizima je? Subiri zishuke hadi 35, maana mzigo hapo ni kama BTU 850,000, nazo zikiachiwa peke yake zitapanda hadi 85 na bado zina nafasi ya kupumua.

Hata kwa mpangilio huo, asubuhi ya baridi maji ya kurudi yanaweza kuja na 40, kwa mfano mfumo ukiwaka baada ya umeme kukatika. Boila ya chuma iwe na valvu yake ya njia tatu, au pampu yake ya mwendo unaobadilika, inayorudisha maji moto kwenye mlango wake mpaka yafike 60, ambayo ni 140 kwenye kontrola ya Farenhaiti. Ulinzi huo ukae kwenye boila hiyo peke yake. Ukijaribu kuilinda kwa kupandisha joto la mfumo mzima, unarudi kule kwenye 75. Kikomo chake cha joto kiwekwe juu, kama 88, kisigombane na kontrola kuu, na vifaa vya usalama vya joto kali na upungufu wa maji visikwepwe kamwe.

Fuata mabomba kwa macho. Maji baridi ya kurudi yapitie kwanza kwenye boila za kondensi. Ile kuukuu iongeze joto baada yao. Kila boila iliyozimwa ifungwe kwa valvu, la sivyo maji yatapita ndani yake bure na kupoza yale yanayotoka. Sensa ya maji yanayotoka ikae mbele, baada ya maji ya boila zote tatu kuchanganyika.

Kama boila hizo ndizo zinapasha pia tangi la maji ya kuoga, ipe kazi hiyo boila moja ya kondensi. Tangi linatakiwa kukaa kama nyuzi 60 ili bakteria wa Legionella wasizaliane, na kontrola nyingi huipandisha mitambo yote hadi 80 kila tangi linapoita.