Binti Anasumbuliwa Kazini? Usimtume Akaseme Peke Yake

Wiki iliyopita mama mmoja wa Igoma ameniandikia ujumbe mrefu. Binti yake ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne, na wakati anasubiri matokeo amepata kazi ya uhudumu kwenye mgahawa mmoja hapa mjini Mwanza. Meneja humshika kiuno anapopita na sinia. Wenzake wakishaondoka, humwambia abaki wafunge hesabu wawili. Juzi amemtumia meseji saa tano usiku kumuuliza kama amelala peke yake. Mama anauliza: "Dada, nimwambie aache kazi, au avumilie hadi matokeo yatoke?"

Nilimjibu siku ileile kwa kifupi: asiache kimyakimya, na asivumilie. Wewe mama yake ndiye wa kwenda. Leo naandika kwa urefu kwa sababu barua za namna hii huwa zinanijia kila mwaka kati ya Novemba na Julai, kipindi ambacho mabinti wako nyumbani wakisubiri kidato cha tano. Halafu mimi mwenyewe nilikuwa binti huyo.

Nilikuwa na umri huohuo. Mjomba alinitafutia kazi ya ukarani kwenye stoo ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Anayeijua Mwaloni anajua hali yake: boti zinashusha mizigo kutoka visiwani, wapagazi wanapita mbio na magunia mgongoni wakipiga kelele upishe, na malori yanapakia dagaa wa kwenda hadi Kongo. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya mzani na kauntabuku, gunia likipandishwa naandika kilo, jina la mwenye mzigo na tarehe. Niliipenda. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri na hesabu zangu zilikuwa hazipishani. Wafanyabiashara wakubwa walikuwa wanasema wanataka mzigo wao uandikwe na "yule mtoto". Mpaka leo najivunia hilo.

Tajiri, mwenye stoo, alikuwa anakuja Jumamosi kufunga hesabu. Siku nyingine zote mkubwa wetu alikuwa msimamizi, mwanaume mwenye mke na watoto wanaonikaribia umri. Wakati wa giza, wavuvi wakiwa wanatoka kila usiku na taa zao, stoo hujaa watu na yeye alikuwa na adabu. Ikija mbalamwezi dagaa hawavuliki, mizigo inapungua, wapagazi wanaenda kulala kivulini. Hapo ndipo alipokuwa ananiita. "Njoo uhesabu magunia ya ndani." Magunia ya ndani nilikuwa nimeshayahesabu. Alianza kwa kupita nyuma yangu akinigusa wakati njia ipo wazi. Ikafuata mikono mabegani, halafu chini ya mabega. Halafu akaanza kuzuia posho yangu ya siku: wenzangu anawalipa nje, mimi ananiambia yangu nikaichukue ndani.

Na watu walikuwa wanaona. Hiki ndicho kitu ambacho mpaka leo kinaniuma kuliko mikono yake. Wapagazi walinipa jina, "mke mdogo", wakawa wananiita hivyo mbele ya kila mtu, na mimi nikiinamia kauntabuku. Siku nilipomweleza mjomba, hakunyanyua hata macho kwenye simu. Alisema: "Nimekuombea hiyo kazi kwa magoti. Usiniaibishe. Wewe mkwepe tu."

Nikamkwepa. Nikajifunza kukaa karibu na mlango, kuvaa sweta kwenye joto, kutokunywa maji ili nisiende choo cha nyuma. Wazazi mnaosema "mkwepe tu" muelewe mnachomwagiza mtoto: mnamwongezea kazi ya pili, tena ngumu kuliko ile ya kwanza, na hiyo hailipwi.

Kitu kimoja nilikifanya bila kuelekezwa na mtu, na nakisema kwa fahari. Nilikuwa nikiandika. Kwenye ile ile kauntabuku ya mzani, kurasa za mwisho, niliandika tarehe, saa, alichosema na alichofanya. Nikataja na lililokuwa linaendelea siku hiyo: lori gani lilikuwa linapakia, nani alileta mzigo, nani alikuwa mlangoni. Ukarani ulikuwa umeshaniingia mwilini. Nilihisi jambo lisiloandikwa halina kilo.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Ukerewe aliyekuwa anachambua dagaa nje ya stoo yetu, akitenga mchanga na mawe, akilipwa kwa ndoo. Hakuwa ndugu yangu wala hakuwa na cheo. Siku moja nilitoka ndani nikiwa nalia, akaacha ungo wake chini, akaniuliza swali moja tu: "Ni yeye?" Nikaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza kwa nini niliingia. Hakuniuliza nilikuwa nimevaa nini. Nilimwonyesha zile kurasa. Kusoma hakujui vizuri, akaniambia nimsomee, nikasoma mpaka mwisho, akasema, "Jumamosi tunaenda wote, mwanangu."

Jumamosi alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani. Tajiri alikuwa mezani na mafungu ya hela, msimamizi amesimama pembeni yake. Yule mama akasema, "Tajiri, tunaomba dakika. Huyu mtoto ana maneno yake humo ndani ya kitabu chako." Akakigeuza kitabu upande wa nyuma akakisogeza mbele yake.

Tajiri alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akifika kwenye tarehe anarudi mbele kuangalia mizigo ya siku hiyo, anakuta lori lipo, jina la mwenye mzigo lipo, kilo zipo. Msimamizi akaanza kusema mtoto huyu ana mdomo, ametumwa. Tajiri akamwuliza, "Tarehe hii posho yake ulimlipia wapi?" Akanyamaza. Nililipwa pale pale mezani, pamoja na siku zote zilizokuwa zimezuiwa.

Sitawadanganya kwamba haki ilitimia. Msimamizi hakufikishwa popote. Alihamishiwa kisiwani kusimamia kambi, na huko nako kulikuwa na mabinti, na sikusikia mtu akiuliza habari zao. Bado huwa napishana naye Kirumba, watu wanamwamkia "shikamoo mzee" kwa heshima zote. Na mjomba wangu, kwenye msiba wa bibi, alisimama mbele ya ukoo akasema yeye ndiye aliyenifungulia njia ya biashara. Nilimwangalia, hakuniangalia.

Sasa ushauri.

Mwamini mtoto kwanza. Binti wa miaka 16 au 17 hadi afungue mdomo kukwambia, ameshajaribu kila kitu kingine. Ukimwuliza "ulimfanya nini mpaka akakuzoea hivyo?", amini kwamba hatakuambia tena, na yatakayofuata utayasikia kwa majirani.

Pili, aandike. Siku, saa, mahali, maneno yaleyale aliyoambiwa, na nani alikuwepo. Meseji zisifutwe hata kama zinatia kinyaa. Mzipige picha ya skrini, namba na tarehe zionekane, muzihifadhi kwenye simu nyingine. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kuwa ushahidi. Tena mwandike siku ileile. Ukingoja wiki mbili utakumbuka hasira na kusahau saa.

Tatu, na hili nitalirudia mpaka mchoke: nendeni naye. Mtu mzima aende. Usimwambie "kamwambie bosi wako". Mbele ya bosi, binti wa miaka 17 ni kama dagaa mbele ya sangara, hata awe na maneno mazuri kiasi gani. Akija na mama, shangazi, baba, jirani, mchungaji, yeyote mwenye mvi mbili tatu, mazungumzo yanabadilika. Kama juu ya meneja kuna mwenye mali, nendeni kwa mwenye mali. Kama anayesumbua ndiye mwenye mali, msipoteze muda hapo, nendeni nje.

Nje ni wapi? Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na mtoto ana haki ya kusikilizwa pale mahali pa faragha. Msiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu pale polisi. Mkiona aibu au uoga kuingia kituoni, anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, iwe Ilemela au Nyamagana, au pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Kivulini, shirika la haki za wanawake lenye makao hapahapa Mwanza, linayajua mambo haya vizuri. Na kama bosi anasema "nipe mwili nikupe zamu, nikupe mkataba, nikulipe mshahara wako", hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kwenye kifungu cha 25, na namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113.

Mabosi wengi hutegemea kwamba hamjui sheria, kwa hiyo zijueni. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Aliyefika 14 ila hajafika 18, kwa ile Sheria ya Mtoto, hatakiwi kufanyishwa kazi usiku, na usiku wenyewe unahesabiwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo meneja anayemwambia binti wa 17 abaki saa nne wafunge hesabu ameshavunja sheria kabla hajanyoosha mkono. Sheria ya Ajira, kifungu cha 7, inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi. Kumnyanyasa mtu kingono ni kosa la jinai, kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu. Na likivuka hapo, mtu akalala na binti wa chini ya miaka 18, neno "alikubali" si utetezi.

"Lakini hana mkataba." Hili nalisikia kila mara. Kukosa karatasi hakumfanyi asiwe mfanyakazi. Kama alikuwa anapangiwa saa, anaelekezwa kazi na kulipwa, ni mfanyakazi, na miamala ya simu ya mshahara inaonyesha hivyo. Akifukuzwa kwa sababu amesema, pelekeni shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi yake ipo hapa Mwanza. Mna siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Na akilazimika kuacha kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isiwezekane kuvumilika, sheria inalitazama hilo kama kuachishwa. Ndiyo maana nilimwambia yule mama binti asiache kimyakimya. Aondoke kwa barua yenye sababu, abaki na nakala.

Niseme na hili, na nalisema kwa uchungu. Acheni kuyamaliza nyumbani. Nimeona familia inakaa na mwanaume sebuleni, soda zinanunuliwa, bahasha inapita, baba anasema "tumesameheana". Nani kasamehe? Binti yuko jikoni anaosha glasi za huyo huyo mgeni. Hela ile italiwa mwezi mmoja, na yeye atajua maisha yake yote kwamba wazazi wake walimpangia bei. Wazee wa kanisa na wa msikiti, mkiitwa kwenye kikao cha namna hiyo, mwulizeni mtoto kwanza, na mumsikilize mpaka mwisho. Kina baba, msimwachie mama peke yake. Ukienda wewe baba kwenye ule mgahawa mchana kweupe, ukakaa, ukaagiza chai, ukamwambia meneja "mimi ndiye baba yake, nimekuja na meseji zako, na nikitoka hapa naenda dawati", umemfanyia binti yako jambo ambalo hatalisahau. Usimpige. Ukimpiga, kesi inakuwa yako.

Na ninyi wenzangu mnaoajiri hawa watoto, maana najua mnaosoma hapa wengi mna maduka, saluni na migahawa, au mnajipanga kufungua. Mimi sasa nina duka la jumla Buzuruga, na kila mwaka huchukua mabinti na vijana wa kiume wanaosubiri matokeo. Hakuna anayelipwa stoo. Malipo hufanyika kaunta, mchana, au yanaingia kwenye simu. Namba ya mzazi naichukua siku ya kwanza, na mzazi anachukua yangu. Saa kumi na mbili jioni aliye chini ya miaka 18 anapanda daladala kwenda kwao, hata kama lori la mzigo ndiyo kwanza limefika. Stoo haina komeo la ndani, nimeling'oa mwenyewe. Msimamizi wangu nilipomwajiri nilimweleza hayo yote mbele ya mke wake. Anayetaka kuona daftari langu la zamu lilivyogawanywa aniandikie, nitampigia picha nimtumie.