Kabla Hujapeleka Vitabu Gerezani

Watu wanaotaka kuanzisha kikundi cha kusoma gerezani huniuliza kwanza habari za vitabu: wakusanye vingapi, wavipate wapi, wavifikishe vipi. Nawaelewa, kwa kuwa nami nilianza hivyo hivyo. Miaka sita iliyopita, mimi na walimu wenzangu wawili tulikusanya maboksi manne ya vitabu, tukayafikisha kwenye lango la gereza moja hapa mkoani Mbeya, tukapokelewa kwa shukrani, tukarudi nyumbani tukiwa na furaha. Baada ya miezi miwili niliruhusiwa kuingia, nikavikuta vimepangwa vizuri kabatini, vingi havijafunguliwa. Karibu nusu vilikuwa vitabu vya kiada vya Kiingereza. Waliojua kusoma hawakupata nakala mbili za kitabu kimoja wakaweza kujadiliana, na wasiojua, ambao ndio waliotuhitaji zaidi, hawakuwa na mtu wa kukaa nao.

Kwa hiyo usianze na vitabu, anza na siku. Chagua siku moja ya juma na saa moja ambayo una hakika utaitunza mwaka mzima, masika na kiangazi, hata ile Julai ya baridi kali ambayo kila mtu wa Mbeya hutamani kubaki karibu na jiko. Sisi tulichukua Alhamisi alasiri, baada ya wafungwa kurudi kutoka shambani na kabla ya hesabu ya jioni, maana saa nyingine yoyote ingegongana na ratiba ya gereza. Mwaka wa kwanza nilikosa Alhamisi tatu mfululizo kwa sababu ya kusahihisha mitihani, wala sikutuma taarifa. Niliporudi, watu 14 walikuwa wamebaki 5. Mtu aliyefungwa ameshaahidiwa mengi: ndugu walisema watakuja Jumapili, kesi ilipangiwa tarehe ikaahirishwa, mdhamini alikubali kisha akazima simu. Ukimwongezea ahadi nyingine isiyotimia, ni heri usingeingia kabisa. Ilinichukua karibu miezi minne kuwarudisha saba kati ya wale tisa, na wawili hawakurudi tena.

Kuhusu kibali, mwandikie mkuu wa gereza barua fupi inayoeleza mtakuwa wangapi, mtaingia na nini, mtakaa muda gani. Barua yetu ilipelekwa ngazi ya mkoa kabla ya kujibiwa, na tulisubiri. Tulitaja Kanuni za Nelson Mandela, yaani kanuni za chini za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015. Kanuni ya 64 inataka kila gereza liwe na maktaba kwa ajili ya wafungwa wa aina zote, na ya 104 inasema elimu ya wafungwa wasiojua kusoma iwe ya lazima. Hatukuzitaja ili kumtisha mtu, bali kuonyesha kwamba tunaomba kusaidia kazi ambayo tayari ni ya gereza. Askari wa zamu ni wenzako katika kazi hii. Msalimie, mkabidhi daftari na kalamu azihesabu, na ukitoka zihesabiwe tena mbele yako.

Sasa nije kwenye macho, jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Tulikuwa na mzee mmoja kutoka Rungwe, mpole sana, aliyejiandikisha kuwa hajui kusoma. Kila nilipompa karatasi ya silabi aliinyoosha hadi mkono ukaisha, akaielekeza dirishani, kisha akanirudishia akisema, "Mwalimu, macho yangu hayakwenda shule." Nilihangaika naye majuma saba kwa ba be bi bo bu. Siku moja mwenzangu alisahau miwani yake ya kusomea mezani, mzee akaijaribu. Hakutazama karatasi yangu. Alitazama tangazo la kunawa mikono lililobandikwa ukutani karibu naye, akalisoma neno kwa neno hadi mwisho, kisha akalirudia kwa sauti kubwa zaidi. Kumbe alifika darasa la nne. Alivua ile miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaniambia, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nami sikuwa na la kujibu, kwa kuwa majuma saba nilikuwa nimemfundisha asichohitaji. Watu wengi wakishapita miaka 40 hawaoni vizuri karibu, na gerezani huenda hakuna aliyewahi kuwaambia. Kabla ya kununua kitabu hata kimoja, omba ruhusa ya kuingiza miwani kadhaa ya kusomea ya nguvu tofauti, ile ya bei nafuu inayouzwa sokoni, na uulize kwanza kama fremu za chuma zinakubaliwa.

Kwa wale ambao kweli hawajui kusoma, mwalimu bora si wewe. Nchini Uingereza kuna shirika liitwalo Shannon Trust, lililotokana na barua walizoandikiana mkulima Christopher Morgan na Tom Shannon, mfungwa wa kifungo cha maisha. Utaratibu wake ni kwamba mfungwa anayejua kusoma humfundisha mwenzake asiyejua, wawili wawili, kwa dakika 20 hivi kila wanapokaa. Tuliufuata, na ndipo kazi ilipoimarika, kwa sababu mimi nipo saa moja na nusu kwa juma, ilhali wao wako pamoja kila siku. Lakini angalia sana unamchagua nani. Mara ya kwanza nilimchagua aliyesoma kuliko wote. Alikuwa akiwasahihisha wenzake kwa sauti mbele ya watu, na wanafunzi wake wawili wakaacha kuja. Aliyekuja kuwa msomeshaji hodari ni kijana aliyekuwa dereva wa bodaboda, aliyeishia kidato cha pili, ambaye mwanafunzi wake akikwama humwacha atafute neno mwenyewe hata kama dakika nzima itapita kimya.

Maneno ya kuanzia yatoke kwenye kazi zao. Hili si geni kwetu: baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisomo chenye manufaa kilitumia vitabu vilivyozungumzia mazao na mifugo ya wasomaji wenyewe. Sisi tulianza na viazi, jembe, mbolea, chai na mahindi, na hakuna mtu mzima aliyejiona anafundishwa kitoto.

Kikundi cha wanaojua kusoma kina mahitaji mengine. Peleka hadithi fupi inayomalizika kwa kikao kimoja, nakala za kutosha kila mtu, isomwe kwa zamu, na anayetaka kupitisha zamu yake asiulizwe sababu. Kumaliza hadithi kwa kikao kimoja ni muhimu hasa mkiwa na mahabusu, ambao leo wapo na Alhamisi ijayo wako mahakamani au wameachiwa. Usipeleke hadithi ya mwizi aliyetubu. Niliwahi kupeleka moja, ikasomwa hadi mwisho, pakawa kimya kizito, na nilistahili kimya kile, kwa sababu nilikuwa nimewahubiria watu walioniamini. Juma lililofuata tulisoma juu ya ndugu wawili na shamba la urithi, wakabishana dakika 40, mmoja akisimama kabisa kumtetea kaka mkubwa. Wala usimuulize mtu kosa lake. Akitaka, atasema.

Utaombwa kutoa ujumbe nje. Kijana mmoja alinisihi nimpelekee mama yake kipande cha karatasi, na moyo uliniuma kukataa, lakini ningekipokea, kikundi kizima kingesitishwa siku hiyo. Nilimsindikiza kwa ofisa wa ustawi wa jamii, na msomeshaji wake akamsaidia kuiandika upya kama barua ya kawaida inayopita ofisini. Vilevile, sema ukweli kuhusu kifungo. Brazili mfungwa anayesoma kitabu na kukiandikia maelezo yakakubaliwa hupunguziwa siku 4, hadi vitabu 12 kwa mwaka. Kuja kwenye kikundi chetu hakumpunguzii mtu siku hata moja, na tunalitamka hilo siku ya kwanza.

Daftari la mahudhurio nililishika mwenyewe miaka miwili ya mwanzo. Sasa liko kwa wasomeshaji. Nikifika Alhamisi nalikuta mezani limeshajazwa, na wiki iliyopita jina la mwisho lilikuwa la yule mzee wa Rungwe, limeandikwa kwa mkono wake, katika safu ya wanaofundisha.