Shuka Langu Lanuka Ziwa

Shikamoo Shangazi. Tuko wanne chumba kimoja bwenini, hapa Kisumu. Mwenzetu hukaanga omena (dagaa wa ziwani) kwa koili ya umeme saa nne usiku, hadi shuka langu linanuka ziwa. Ananichekesha mno, sitaki kumuudhi.
– Wa Kitanda cha Juu

Marahaba, mwanangu. Nawe huli hiyo omena? (Najua unakula.) Basi changieni ndimu: aioshe kwa maji moto, aikamulie, dirisha liwe wazi. Jumapili andamaneni soko la Kibuye mkachague iliyokauka vizuri. Enzi zangu, mwenzangu alikoroma kama matatu ikipanda mlima. Tukambatiza Dereva, kila alfajiri akiuliza, "Nimewafikisha?" Ila hiyo koili, ikizima stima bweni zima, mimi simo. Na shuka ulifue!