Kufunga masaa 16 na sukari ya 6.3: jibu kwa mkuu wa Mbagala

Mkuu, umesema asubuhi unakunywa maji tu, unaanza kula saa saba mchana na unamaliza saa tatu usiku ukishafika nyumbani Mbagala. Miezi inapita, kitambi kipo palepale, na sukari ya asubuhi kabla ya kula imesoma 6.3 (mmol/L). Unauliza kama hii habari ya kufunga ni uongo. Si uongo, ila wengi wetu hapa Dar tunafunga upande wa siku usiotusaidia.

Kwanza hiyo 6.3. Chini ya 5.6 ni kawaida, na 7.0 na kuendelea, ikijirudia siku nyingine, ni kisukari. Wewe uko katikati, kwenye eneo ambalo bado linarudishika. Nami nilikuwa humo humo, na marehemu baba alikuwa na kisukari, kwa hiyo sikulichukulia jambo hili kwa wepesi.

Nafanya kazi Kariakoo, nalala Chanika. Unajua foleni ya huko. Nilikuwa nafika usiku, nakuta ugali umefunikwa, nakula nashiba, nalala. Daktari kijana aliyenipima aliniuliza saa ninazokula kabla hata ya kuniuliza ninachokula, akanieleza kitu ambacho natamani kila mtu wa mji huu akijue: mwili una saa yake. Asubuhi na mchana insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inafanya kazi vizuri zaidi. Giza likiingia, mwili unatoa melatonini, homoni ya usingizi, na hiyo inapunguza kasi ya kongosho kutoa insulini. Sahani ileile ya ugali ukiila saa tatu usiku itapandisha sukari zaidi na kuichelewesha kushuka kuliko ungeila saa saba mchana.

Kuna utafiti wa Alabama, Marekani, uliotoka 2018. Wanaume waliokuwa wameanza kupanda sukari walimaliza kula kabla ya saa tisa alasiri kwa wiki tano. Chakula kilipimwa ili uzito usishuke. Hata hivyo insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi na presha ikapungua. Walikuwa wanane tu, kwa hiyo usiufanye msahafu, lakini ndio ulionifanya niache kuruka kifungua kinywa.

Sasa kitambi, hilo ni suala jingine. Huko Guangzhou, China, watu 139 wanene walipunguziwa kalori kwa mwaka mzima. Nusu yao waliambiwa wale kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Majibu yalitoka 2022: wote walipungua, wenye masharti ya saa wakapoteza kama kilo 8, wengine kama 6.3, na tofauti hiyo haikutosha kusema saa ndizo zilizofanya kazi. Kilichokata uzito ni kula pungufu. Ukifunga asubuhi yote halafu usiku ukashushia chipsi mayai na soda, kalori zimerudi zote.

Na huhitaji kujitesa. Utafiti mwingine wa Marekani, uliodumu miaka miwili kwa watu wasio wanene kupindukia, ulilenga kupunguza kalori kwa asilimia 25. Watu waliweza kama asilimia 12 tu, na bado presha, lehemu mbaya na utendaji wa insulini vilikuwa bora. Kwa mtu anayekula kalori 2,500, asilimia 12 ni 300: karibu chapati moja ya kusukuma na vijiko vitatu vya sukari kwenye chai.

Nilivyofanya mimi: asubuhi mayai mawili na kiazi kitamu. Saa saba kwa mama ntilie ndipo nakula mlo mkubwa wa siku, wali au ugali wa kiasi, maharage, samaki, mchicha mwingi. Kabla ya kupanda gari jioni nakula parachichi au karanga kidogo. Soda niliacha kabisa, na nashuka kituo kimoja kabla natembea, kwa hiyo siwezi kuzipa saa za kula sifa zote.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Mke wangu aliumia. Kwetu kukataa chakula ni kama kumkataa aliyekipika, na watoto wanazoea baba akila nao. Tulizungumza sana. Sasa nakaa mezani nao, nakula mboga na kipande cha samaki, ugali nawaachia. Jumapili tunapika mchana, familia nzima, na hapo nakula nilivyozoea. Usipompa mwenzako sababu, ratiba yoyote itakufia mkononi.

Ramadhani nafunga kama Waislamu wenzangu, lakini siihesabu kwenye haya. Ni ibada, na kula kwake kote ni usiku, kuanzia futari mpaka daku.

Sukari yangu ya asubuhi imerudi kwenye tano na kitu, presha imetulia. Wewe usitegemee asubuhi moja. Omba kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), ambacho kinasomwa kwa asilimia, si kama ile 6.3 yako: asilimia 5.7 hadi 6.4 ni eneo la tahadhari, 6.5 na kuendelea ni kisukari.

Jambo moja hujasema, nalo nahitaji ulijibu kabla hujabadili chochote: unatumia dawa? Kama ni glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari) au sindano za insulini, kukaa muda mrefu bila kula kunaweza kushusha sukari ghafla, ukatoka jasho, ukatetemeka, ukachanganyikiwa, hata kuzimia ndani ya daladala. Hapo daktari wako ndiye apange dozi upya kwanza. Kama hutumii, niandikie unatoka kazini saa ngapi na kuna chakula gani karibu, tuipange ratiba hapa hapa.