Jibu: Dogo, usitume hiyo laki na nusu kwanza

Dogo, umeuliza tovuti yako ya kuonyesha kazi zako iweje; acha hayo ya rangi ya ukurasa na kama uandike kwamba unapenda kupiga picha. Kwenye swali lako kuna sentensi umeipitisha haraka haraka: jamaa atakusajilia domeni (lile jina la tovuti, kama jinalako.com) na kukuwekea tovuti kwa 150,000, wewe unamtumia tu hela. Mimi wangu nilimtumia 120,000 ya bumu (hela ya mkopo wa chuo), nikiwa mwaka wa pili kama wewe, na nikamshukuru juu.

Kazi aliifanya, simsingizii. Siku mbili tovuti ikawa hewani, jina langu kamili na .com yake. Nikaiweka kwenye CV, nikaibandika GitHub kule tunakoweka programu tunazoandika, nikamwonyesha hadi mama. Nilipomwomba pasiwedi ya kule alikosajili akasema, "Hilo niachie mimi." Nikamwachia!

Kumbe domeni hununui ikawa yako milele, unalipia kwa muda, na mimi nililipiwa mwaka mmoja. Akaunti ilikuwa ya barua pepe yake, na pale pa mmiliki alijijaza yeye, tapeli yule. Maonyo ya muda kuisha yakaenda kwake, naye keshabadili namba ya simu. Domeni ya .com msajili (kampuni inayosajili domeni) akishaifuta kwa kutolipiwa, zinabaki siku 30 za kuikomboa kwa faini, kisha siku 5 za kusubiri, halafu anaichukua yeyote. Na kuikomboa ni kupitia akaunti ileile. Niliwaandikia wasajili nikiambatanisha hadi kitambulisho. Wakajibu kwa adabu kwamba mteja wao si mimi. Kwa karatasi wako sahihi, ndiyo maana inauma.

Nilijuaje? Niliomba fildi (mafunzo kwa vitendo) mahali, dada wa rasilimali watu akapiga simu: "Samahani kaka, hii tovuti ni yako kweli?" Nikajibu ndiyo, kifua mbele, nikaanza kumweleza mradi wangu wa mfumo wa duka la dawa. Kimya. Nilipokata nikafungua mwenyewe: juu anwani ni jina langu lilelile, chini ratiba ya mechi na kitufe chekundu, kinawaka na kuzima, cha kubashiri. Fildi nikakosa. Washkaji wakaniita Mkeka hadi nahitimu. Cheka tu, nilijua kuandika Java, kusoma risiti sikujua.

Kwa hiyo domeni sajili MWENYEWE. Akaunti yako, barua pepe yako binafsi (ya chuo wanaweza kuifunga ukimaliza), jina lako pale pa mmiliki. Ya .com ni kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Ukitaka ya nyumbani kuna .me.tz kwa watu binafsi. Huyo fundi akupe anwani ya seva, uiingize wewe kwenye DNS, ile mipangilio ya domeni inayoelekeza tovuti iko seva gani. Huna hela? GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuweka tovuti, ni bure, unapata jinalako.github.io, domeni utaiunganisha siku bumu likitoka.

Miradi weka miwili inayofunguka mtu akiibonyeza, inatosha. Mengine uliyouliza nimeshayasahau, hasira zimepanda upya.

Sasa hivi muulize huyo jamaa: domeni inasajiliwa kwa barua pepe ya nani? Akikujibu "hilo niachie mimi", rudi hapa kabla hujagusa simu kutuma hela.